Sufuria ya Kisamvu Haifunikwi

Nilipokuwa mtoto pale Katindiuka, pembeni mwa Ifakara, bibi yangu alikuwa akiongea na sufuria. Si kila sufuria. Mchicha aliupika kama watu wengine. Lakini kisamvu, yaani majani ya muhogo, akishakitwanga kwenye kinu mpaka kikalainika, alikibandika jikoni bila kifuniko, akasimama mbali na mvuke na kusema, "Mwenyewe, ondoka. Nenda zako, tuachie mboga." Alituambia kwamba kisamvu kina mwenyewe, na anayefunika sufuria anamfungia ndani.

Majirani walimsikia. Ilikuwa miaka ya tisini, na mwanamke mzee mwenye macho mekundu kwa moshi hakuhitaji kufanya mengi ili aitwe mchawi. Shuleni wenzangu waliniimbia, "Bibi yake Skola anaongea na sufuria!" Nilimpenda bibi na nilimwonea aibu, vyote kwa pamoja, na iliniuma.

Nilipofika darasa la tano, mwalimu wa sayansi kimu alitufundisha kwamba mboga za majani zikichemshwa sana hupoteza vitamini: funika sufuria, pika kwa muda mfupi. Nikaona nimepata dawa. Nitapika kisamvu kwa kufunika, nitakila, sitadhurika, na jina la uchawi litaondoka nyumbani kwetu.

Jumamosi moja bibi alipokwenda shamba, nilichuma majani ya muhogo mchungu, ule tuliopanda kwa sababu nguruwe pori hawaupendi. Hilo peke yake lingetosha kunifikirisha, lakini mbishi hasikii. Sikutwanga. Nilikatakata majani kama mchicha, nikafunika, nikaepua upesi yakiwa bado na rangi ya shambani. Yalikuwa machungu. Nikayala na sahani nzima ya wali, kwa ubishi tu.

Haikupita muda kichwa kikaanza kuzunguka, nikatapika, miguu ikaisha nguvu. Baba alinipakia kwenye baiskeli mpaka hospitali. Tuliporudi kesho yake, uani palikuwa pamejaa watu. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda.

"Baba Skola, huyu mama yako kamfanya nini mtoto?" jirani yetu Mama Oliva aliuliza, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Leo mjukuu wake. Kesho zamu ya nani?"

Nilishuka kwenye baiskeli. "Shikamoo, Mama Oliva," nilisema, maana adabu ni adabu. "Bibi hakuwepo. Nimepika mimi. Nilifunika sufuria, na alishanikataza."

"Nyamaza, mtoto. Umefundishwa maneno hayo."

"Sinyamazi! Nimepika kwa mikono yangu hii, nikala mwenyewe. Msimsingizie bibi yangu!"

Kwetu mtoto hamjibu mtu mzima hivyo. Nilingoja kofi la baba, halikuja. Bibi aliinuka, akavuta kinu chake katikati ya uwanja, akaanza kutwanga kisamvu mbele yao wote, mpaka mmoja mmoja wakaondoka.

Leo najua mengi zaidi. Mwalimu hakukosea kuhusu mchicha: ukiuchemsha mno na kumwaga maji, unamwaga na vitamini C. Lakini kisamvu kibichi kina sumu. Kukitwanga vizuri na kukichemsha kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, ndiko kunakoitoa. Sehemu ya sumu hiyo huondoka na ule mvuke aliokuwa akiukimbia bibi. Vitamini C nyingi nayo hupotea, na ipotee. Bibi hakujua kusoma, lakini alilisha ukoo mzima muhogo mchungu na hakuna aliyedhurika isipokuwa mimi niliyejifanya kumfundisha kazi.

Sasa nina jiko langu. Nikibandika kisamvu, naweka kifuniko mbali na kusema, "Mwenyewe, ondoka." Wageni wa mjini hucheka. Sipunguzi sauti. Na anayetaka kuniita mchawi, aniite. Nitampakulia kwanza ale, halafu nitamkabidhi kifuniko akapike chake.