Kifutu kwenye Kichuguu

Immaculée alikuwa msusi wa nywele katikati ya jiji la Durban, mwanamke wa Bukavu mwenye mikono myepesi na moyo mzito wa kusamehe. Karibu mwaka mzima hakutoka saluni. Lakini ilipofika Desemba na Januari, mvua ikanyesha asubuhi na jua likawaka baadaye, aliwaachia wenzake wateja, akabeba ndoo yenye mfuniko na kwenda kwenye hifadhi ndogo ya nyasi iliyo kilimani, nyuma ya viwanda vya Mobeni. Huko kulikuwa na vichuguu, na kumbikumbi waliotoka humo walikuwa chakula pekee kilichompa ladha ya nyumbani.

Kuokota kitu ndani ya hifadhi kulikatazwa, naye alijua. Aliingia kwa tundu la uzio, upande wa magodauni. Mlinzi wa upande huo alikuwa Barthélemy, Mkongomani mwenzake, tena muumini wa kanisa lake.

Ungedhani undugu ungesaidia. Wapi! Walinzi wengine walimfukuza tu, Barthélemy alimwinda. Msimu mmoja aliimwaga ndoo yake mbele ya wageni waliokuja kutazama ndege, akawakanyagakanyaga kumbikumbi kwa viatu.

"Chefu, mkubwa wangu, anasema watu wangu wanamaliza hifadhi," alimfokea. "Unataka nifukuzwe juu yako?"

Tangu wahamiaji walipopigwa na kukimbizwa na wenyeji mwaka 2008, Barthélemy aliishi kwa hofu ya kuonekana anawapendelea wa kwao. Immaculée aliijua hofu hiyo, maana hata yeye alikuwa nayo. Lakini kukanyagiwa chakula mbele ya watu hakukusahau. Kanisani alipomwona alihama benchi.

Januari ya 2012 mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa tatu. Immaculée alipofika kilimani, kichuguu kikubwa kilikuwa kinafuka mabawa. Mbayuwayu walipita juu yake wakidaka, ndege weusi wenye mikia mirefu walirukaruka katika nyasi, na vyura walikuwa wameketi chini wakimeza bila haraka. Akapiga goti, akaanza kukusanya kwa viganja.

"Mama Immaculée! Ni wewe tena?"

Barthélemy alikuwa anashuka mbio, radio ya mawasiliano mkononi.

"Ni mimi. Njoo unikanyage na mimi basi."

"Toka! Leo nakupeleka kwa chefu mwenyewe, vraiment, kweli kabisa!"

Aliacha njia, akakata katikati ya nyasi ili amzibie tundu la uzio. Hakutazama chini. Kifutu mnene kama mkono wa mtu alikuwa amejilaza hapo, karibu na vyura, rangi yake ileile ya majani makavu. Immaculée alisikia mpulizo mmoja mkali, kisha ukelele. Barthélemy alianguka ameshika mguu juu kidogo ya kiatu, na radio ikarukia kando.

Immaculée alisimama na ndoo yake. Tundu lilikuwa hatua kumi. Baadaye hakumficha mtu kwamba alilitazama.

Kisha akaweka ndoo chini. Alipomwona nyoka ametokomea, akafungua kitenge kiunoni ili aufunge mguu.

"Usifunge!" Barthélemy alimsukuma mkono. "Walitufundisha. Damu ikizibwa, mguu unaoza. Usiniguse!"

"Basi kufa bila kuguswa," alisema, akaiokota radio. "Unabonyeza wapi?"

Alimwonyesha huku anasaga meno. Sauti ya chefu, mzungu aitwaye Steve, ikauliza ni nani anayezungumza. Immaculée alijua kwamba akijibu, kesho hana pa kupita. Akalitaja jina lake, akasema nyoka, akasema kichuguu kikubwa.

Gari lilifika upesi. Wakampakia Barthélemy, ambaye mguu wake ulikuwa umeshavimba ukang'aa. Steve aliitazama ndoo, akamwelekeza Immaculée getini kwa kidole. Hakumshukuru. Siku ya pili tundu la uzio lilishonwa kwa waya mpya.

Jumapili Immaculée alikwenda hospitali na uji wa mtama, kwa kuwa mchungaji wao alimsihi. Barthélemy aligeukia ukuta.

"Bila wewe nisingeingia katika majani yale," alisema.

"Na bila wewe ningejaza ndoo yangu, nikarudi saluni salama."

"Umeniharibia mguu."

"Nilikuitia gari, Papa Barthélemy. Nyoka ni wako mwenyewe."

Aliuacha uji juu ya kabati. Nesi alimwambia baadaye kwamba haukunywewa.

Barthélemy alipona, ila vidole viwili vya mguu vilikatwa. Hifadhi haikumrudisha; kazi ya kupanda na kushuka kilima haikumfaa tena, na alipata kazi ya kuketi getini kwenye kiwanda cha rangi. Siku ya Pasaka mchungaji aliwaita wote wawili mbele ili wapeane mikono. Immaculée alitoa wake, kwa shingo upande. Barthélemy aliutazama, akatia wake mfukoni.

"Eish," mtu mmoja alinong'ona nyuma.

"Mwacheni," Immaculée alisema kwa sauti iliyofika mlangoni. "Hata mimi sikuutoa kwa kupenda."

Akarudi kwenye benchi lake. Kwaya ikaanza kuimba kabla mchungaji hajaiashiria.