Barua Niliyomwandikia Bi Mwanaisha

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, tulipokwisha kusali, nilikaa barazani pa msikiti nikaandika barua ya kumwondoa mwanamke kijijini kwake. Mkono ulioandika ni huu. Nakueleza bila ya kupamba, kwani kosa likipambwa huacha kufundisha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, nami ni mwalimu kijana wa skuli katika kijiji kimoja upande wa Ole. Maji yetu yalikuwa ya namna mbili. Bondeni palikuwa na chemchemi ya kale, maji yake yana wekundu wa kutu, na njia yake ni utelezi mtupu. Karibu na skuli palikuwa na kisima kirefu cha bomba, kilichochimbwa nilipokuwa bado mwanafunzi. Hicho kilitoa maji baridi, maangavu na matamu, hata wageni kutoka Wawi wakiyasifu. Tangu kilipochimbwa, bondeni hakushuka mtu ila kwa kuchunga ng'ombe.

Bi Mwanaisha alikuwa mjane, akiishi kwa kusuka ukili wa mikeka na kuchuma karafuu. Mwaka ule alianza kuota madoa kifuani, meusi kwa meupe, kama matone ya mvua juu ya vumbi. Kisha viganja na nyayo zake zikafanya sugu yenye vijinundu. Watu wakasema ni ukoma. Nani alisema kwanza? Sikuuliza. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Naziheshimu methali, lakini hii kila mvivu wa kuuliza huifanya shahidi wake.

Alinijia skuli, akasimama mbali na mlango.

"Mwalimu, mie sina ukoma. Mkoma hahisi moto. Mie cheche ikinirukia naruka kama kuku. Nadhani ni maji yale. Nyumba yangu ndiyo iliyo karibu mno na bomba, sinywi mengine."

Nikamjibu kwa sauti ya darasani: "Bi, tumesoma katika chuo cha Kurani kwamba maji huharibika kwa rangi, kwa ladha au kwa harufu. Haya yamebadilika lipi kati ya hayo matatu?"

"Mie sikusoma, mwalimu. Naona tu."

"Basi usilisemee usilolisoma."

Ijumaa ya wiki ile ndipo nilipoandika, kwa niaba ya wanakijiji, kuomba apelekwe kwenye makazi ya wakoma. Nikamkabidhi Shehe Hamadi, mwalimu wangu wa chuo, atie saini kwanza. Aliipokea, akaiweka ndani ya sanduku lake la vitabu. "Itakwenda nikiisha kuisoma," alisema. Mwaka mzima akawa anaisoma.

Sisi wengine hatukungoja. Tulimkataza Bi Mwanaisha kugusa bomba, akawa anateremka bondeni na mtungi kichwani, akikanyaga kwa uchungu na nyayo zake zile, nasi tukimtazama.

Mwaka ukapita. Madoa yake hayakuongezeka, na sugu za nyayo zikaanza kulainika. Huku kwetu bombani watu watatu wengine wakaota madoa. Asubuhi moja nikishika chaki nilihisi kiganjani mwangu vijinundu vigumu kama punje za mtama. Nikaenda mbio kwa Shehe.

"Shehe, amekwisha kutuambukiza."

"Kwa lipi? Mwaka huu ameingia nyumba ya nani? Ameshika kata ya maji ya nani?"

"Hakuna."

"Anakunywa wapi?"

"Bondeni."

"Na wewe?"

Nikakitazama kiganja changu. Akaendelea taratibu, kama anayesahihisha hati ya mwanafunzi: "Nilikufundisha sifa tatu za maji ili ujue utatawadha kwa yapi. Nilikwambia lini kwamba zitakuonyesha sumu? Umechukua elimu ya birika ukaitia tumboni. Na yule mama alipokwambia aonalo, ukamtaka cheti."

Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Mimi nilikuwa nakitafuta nguoni mwa mwenzangu.

Nilijaza chupa mbili, ya bomba na ya chemchemi, nikazipeleka kwa baiskeli kwa Bwana Afya, Chake Chake. Yeye akazipakia chomboni katika bandari ya Wesha ziende kwa mkemia. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi. Maji ya chemchemi hayakuwa na sumu ile, ingawa yalipasa kuchemshwa. Maji ya bomba yalikuwa na aseniki, sumu isiyo na rangi, ladha wala harufu, itokayo katika miamba chini ya ardhi. Hakuna mtu aliyeitia, na kuchemsha hakuiondoi. Bwana Afya akaja akaung'oa mpini wa bomba. Siku hiyohiyo walizuka wa kusema kisima kimerogwa. Niliwasomea barua ya mkemia mara mbili.

Shehe akanitolea ile barua yangu. "Kampe mwenyewe."

"Hajui kusoma, Shehe."

"Wewe wajua."

Nikamsomea Bi Mwanaisha kizingitini kwake, neno kwa neno, naye mikono yake haikuacha kusuka ukili. Nilipomaliza nikamwomba radhi.

"Umeandika vizuri, mwalimu. Ila mie ni binti Faki, si binti Haji. Hata hilo hukuniuliza." Kisha akausogeza mtungi kwa mguu. "Radhi nimekupa. Maji sina."

Niliuchukua mtungi nikashuka bondeni. Nilimchotea kila asubuhi kabla ya kengele ya skuli, mpaka nilipohamishwa, na wanafunzi wangu wakinicheka.

Basi, mwanangu, usimwandike mtu kabla hujamuuliza, japo jina la baba yake. Usiyahukumu maji kwa ulimi. Yapeleke kwa mwenye vyombo vya kupimia. Elimu ya jambo moja usiifanye kadhi wa jambo jingine. Na asiyesoma akikwambia aonalo, tazama alipotazama yeye, ndipo umjibu.

Mwenyezi Mungu akunyweshe ya kheri, akukinge na dhara usiloliona, na akupe moyo wa kurudi kwa uliyemdhulumu angali hai wa kukusikia. Amin.