Pole ya Mzee Mutiso

Eliudi Mutiso haamini kitu kilichofungwa. Kazi yake hapa Guangzhou ni kukagua viatu vya wafanyabiashara wa Nairobi na Mombasa kabla havijapakiwa, na kule Zhanxi, soko la viatu la jumla, wenye maduka wakimwona tu wananuna. Hufungua katoni ya chini kabisa.

"Laoban, hizi zote ni za kushoto," humwambia bosi wa duka, naye bosi huapa kwamba ni macho yake tu.

Mtu aliyemfundisha kushuku ni baba yake. Mzee alikuwa dereva wa injini ya kupanga mabehewa katika yadi moja ya reli nyumbani Kenya, wakati wakaguzi bado ni Waingereza. Mwaka 1971 injini yake ilimkata mguu rafiki yake, Thadeo. Ripoti ikasema dereva amekiri kosa, akafukuzwa kazi. Mzee amekana maisha yake yote. Eliudi hakumwamini, na mwaka wa sita huu hampigii simu.

Jioni, badala ya kupumzika, Eliudi hunakili kwenye kompyuta ripoti za zamani za ajali za wafanyakazi wa reli wa Uingereza, kazi ya kujitolea. Mimi ninayegawana naye ofisi niliona ni wazimu mtupu.

"Acha nione hawa wafanyakazi walivyokuwa wakidanganya," alinijibu.

Kweli, kwa maandishi ya wakaguzi, wote walitia shaka. Aliyekatika kidole, uzembe wake. Aliyebanwa na mabehewa, uzembe wake pia. Juzi akafika kwa dereva mmoja wa huko: alimwambia majeruhi "sorry", mkaguzi akaandika kwamba amekiri. Eliudi akafungua droo. Akatoa nakala ya ripoti ya baba yake. Maneno yalikuwa yale yale: dereva alisema "sorry", kwa hiyo amekiri.

"Lakini mzee hakujua Kiingereza," alisema. "Sasa hapa alitamka nini?"

Nilikasirika kwa niaba ya mzee. Mtu amekatika mguu mbele yako, utamwambia nini kingine? Hata mpita njia angelisema neno hilo.

Akapiga simu palepale.

"Baba, siku ile ulimwambia Thadeo 'pole'?"

"Sasa ningemwambia nini?"

Eliudi alikuwa analia waziwazi. "Pole, baba."

Kwetu mtu hujibu kwamba ameshapoa, mambo yakaisha.

"Sijapoa," alisema mzee.