Mkaguzi Aliyesema Bado

Ofisini walimbandika jina la Mama Bado, naye hakulalamika. Kazi yake ilikuwa kukagua mifumo ya kompyuta ya serikali akiwa mtu wa nje, asiye chini ya mafundi wala mkurugenzi wao. Mafundi walijenga kwa vipande vya wiki mbili mbili. Kipande kikiisha walikusanyika, wakaonyesha walichofanya, wakapigiwa makofi. Mikono yake yeye ilibaki mapajani. Mtu mzima na akili zake apigie makofi kitu ambacho hakuna karani hata mmoja aliyewahi kukigusa? Thubutu.

Safari hii walikuwa wanajenga mfumo wa kupanga zamu za wagonjwa kwenye mashine za kusafisha damu. Mdogo wake wa kiume, ambaye figo zake zilishagoma, alikuwa mmoja wa wagonjwa hao. Mama Bado alilisema hilo tangu mwanzo. Mkurugenzi akamjibu kwamba basi atakuwa makini zaidi.

Akawa makini kweli. Kila maonyesho alikuwa na ombi lile lile.

"Hebu zimeni mtandao kidogo, halafu muwashe."

Walipowasha, zamu iliyokwisha kushikwa na mgonjwa mmoja ilipewa mwingine, na yule wa kwanza akafutika bila hata kuarifiwa.

"Hiyo tumeiweka kipande kijacho, mama," alisema kiongozi wa mafundi, kijana mpole wa kutabasamu hovyo.

Kipande kijacho nacho kikawa na kijacho chake. Mwishowe aliandika ripoti, na ukurasa wa kwanza ukasema wazi: bado. Mkurugenzi akamwita.

"Mama, tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa. Huwezi kulainisha kidogo?"

"Nikilainisha, kosa litaondoka?"

Mkurugenzi akacheka, akaifungia ripoti kabatini, kisha akamkumbusha kiapo: ya ukaguzi hayatoki nje. Mama Bado alirudi nyumbani roho ikimuuma, akijipa moyo kwamba hakuna mwenye akili timamu atakayeuwasha mfumo ule.

Wakauwasha.

Siku aliyomsindikiza mdogo wake hospitali, mtandao ulikuwa umekatika asubuhi na kurudi. Karani wa mapokezi alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena.

"Jina lako halipo. Zamu hii ina mtu mwingine. Nafasi iliyo karibu ni wiki ijayo."

Miguu ya mdogo wake ilikuwa imevimba hata viatu vimemkataa, amekuja na kandambili. Mkewe aliinua macho kwenye bango jipya ukutani: mfumo huu umepitiwa na mkaguzi huru.

"Wifi, mkaguzi mwenyewe si ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

Akiitaja ripoti iliyofungiwa kabatini, ataondolewa, na mifumo inayokuja haitakuwa na mtu wa kuomba mtandao uzimwe. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na alijichukia kwa kulifikiria hilo mbele ya miguu ile.

Mdogo wake alikuwa akihema.

"Dada, mimi ulikuwa unanirudisha kuosha kikombe kimoja mara tatu. Hawa uliwapitishaje?"

Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu, na hilo ndilo lililomkata maini dada yake. Akachuchumaa, akamvua kandambili, akaanza kumkanda miguu, huku karani akimwita ndani mgonjwa aliyepewa zamu yake.