Nusu Dinari ya Baba

Baba yangu alikuwa mpishi wa seminari kule Kidugala. Mzungu mmoja mzee aliyefundisha Kilatini, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia sarafu ya fedha isiyozidi ukucha wa kidole kidogo. Baba aliitunza ndani ya kopo la majani ya chai mpaka akafariki, nami nikairithi.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, nilikuwa nauza mitumba Makambako. Nikachumbiwa na seremala wa Njombe, na pete ya dukani hatukuiweza. Nikaipeleka ile sarafu kwa sonara, Mwislamu wa kutoka Ujiji, ambaye kibanda chake kilipakana na meza yangu.

"Iyeyushe, nitolee pete."

Akabana lenzi jichoni, akaigeuzageuza mpaka nikadhani ni bati.

"Dada, umewahi kuiangalia?"

"Nimekua naiona."

"Kuiona sawa. Hebu iangalie."

Akanipa lenzi. Upande mmoja palikuwa na mwanamke aliyejitanda ushungi. Upande wa pili, pale ambapo tangu utotoni nilidhani ni fundo la kamba, niliona mikono miwili imeshikana, katikati yake fimbo iliyozungukwa na nyoka wawili.

"Siiyeyushi," akasema. "Kwanza mpelekee anayejua kuisoma."

Nilikasirika, maana harusi ilibaki wiki tatu. Hata hivyo Jumamosi nikaenda Kidugala kwa mchungaji mmoja, mwalimu wa Kilatini, ambaye ujanani alikula chakula cha baba miaka minne. Akaisogeza dirishani.

"Mwanangu, hii ni nusu dinari ya Warumi, ya kabla ya Kristo. Huyu mama ni Mapatano, mungu wao wa kike; ndivyo walivyomchora. Fimbo ni ya mjumbe wa amani. Na majina haya yaliyoandikwa ukingoni ni ya wakubwa wawili waliokuwa wanagombana. Walipopatana, wakaichapa mikono hii ili kila askari anayelipwa aione."

"Wakadumu?"

"Miaka michache tu, kisha wakapigana." Akacheka kidogo. "Hawakuwa na mtu kama baba yako wa kuwaweka meza moja."

Nililia palepale. Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amemtaja baba mbele yangu kwa furaha.

Niliporudi nilimsimulia sonara yote. Akatoa vipande vya bangili yake kuukuu, akanifulia pete, juu yake akachora mikono miwili. Hela akakataa.

"Nipe koti zito. Baridi yenu itaniua."

Nikamchagulia lililo bora kuliko yote mezani.

Wiki ya harusi mama aliagiza kwamba ng'ombe achinjwe na sonara, ili Waislamu wa sokoni nao wale bila wasiwasi. Wakaja Njombe watu wa sokoni kumi na mmoja ndani ya lori la Fuso. Sonara alichinja, akanawa, akakaa na wajomba zangu chini ya turubai, akijaribu Kibena chake kibovu huku wakimsahihisha kwa vicheko. Walipoondoka, mama aliwapakilia gunia la viazi, akasimama barabarani akiwapungia mpaka gari likapotea. Mimi nilisimama pembeni yake, nimeshiba shukrani.