Toba ya Kaka Yangu

Hapana, kanisa sijaacha. Naenda kila Jumapili, nakaa benchi la nyuma na mdomo nimeufunga. Mnadhani ni uzee. Si uzee, ni ule msiba wa kaka yangu.

Kaka alikuwa ametengwa. Alifunga ndoa kanisani huku Nkoaranga, kisha akaweka mwanamke mwingine kule Elerai, wazee wa kanisa wakamfungia Meza ya Bwana. Na kwetu, aliyetengwa akifa hajarudi kundini, mchungaji havai joho, kengele haipigwi, jeneza haliingii kanisani. Mzee mmoja anaomba kidogo pale shimoni, mnafukia kama mnapanda mgomba.

Sasa kaka alitubu. Alitubu hospitalini, asubuhi, niko naye peke yangu nimeshika kikombe cha uji. Kabla mchungaji hajafika, ameshakata roho.

Siku moja kabla ya kuzika tuko jikoni kwa marehemu, wanawake tunamenya ndizi. Wamelia mpaka wamechoka, nikasema ngoja niwachekeshe. Nikamwigiza mchungaji anatubu. Kijana yule anaongea kwa pua, neno analivuta kama anavuta mbuzi: “Wapeeendwa, nimetenda dhambi. Kila nyumba niliyoingia kuombea, nilitazama kwanza paja la kuku.” Walicheka, maganda yakamwagika. Mke wa mwinjilisti naye alicheka mpaka akafuta macho. Alipotoka, wala sikumwona.

Kesho yake mchungaji na wazee wamekaa sebuleni, jeneza liko uani, watu wamejaa mpaka kwenye mibuni. Nikaitwa.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, baba mchungaji.”

Mzee wa kanisa, yule wa kukohoa kabla ya kila neno: “Khm. Wewe ndiye ulisikia?”

“Ndiyo mimi.”

“Khm. Peke yako?”

“Na uji.”

Hakucheka mtu. Mchungaji akasema polepole, “Bibi, joho langu liko kwenye huu mkoba. Nikilivaa bila sababu, mkuu wa jimbo ataniuliza. Nipe sababu. Alisemaje hasa?”

Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema tu, alisema amekosa, basi. Lakini mimi sijui kusimulia hivyo, maneno ya mtu yananitoka pamoja na mwenyewe. Ikatoka sauti ya kaka, ile ya kukwaruza, pumzi fupi fupi: “Dada… nimemkosea Mungu. Nimemkosea mama watoto. Waambie… nataka kurudi.”

Wifi, nyuma ya pazia, akapiga yowe. Alidhani mumewe kaamka.

Wazee wakatazama chini. Mchungaji alikuwa ameshafungua zipu ya mkoba, joho naliona jeusi mle ndani. Akaifunga tena, taratibu. Hata hasira hakuwa nayo.

“Bibi,” akasema, “hata mimi jana nilitubu humo jikoni. Na sikuwepo.”