Maji Yaliyopita Katika Jiwe Jipya

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, Havugimana alimkuta mke wake mlangoni, kikombe cha chai mkononi, simu gotini. Mukamugema alikuwa mtafiti wa mawe ya volkano. Havugimana alikuwa msukuma chukudu. Miaka yote alimletea mawe hayo kwenye chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, na kusoma hakujua. Lakini mlio ule wa simu aliujua: mahali fulani mtaalamu ameandika makala, na ndani yake amemtaja mke wake na utafiti wake.

"Ni ba matofali ao ba dawa?" akauliza.

Maana walimtaja watu wa namna mbili. Wajenzi walimtaja kwa tofali lake jepesi la jiwe la lava. Madaktari walimtaja kwa chujio lake: jiwe hilohilo, limesagwa na kuchanganywa na udongo, likazuia kolera katika kambi ya Kanyaruchinya.

"Ba dawa," akasema. "Tena bengi."

Havugimana akacheka, akasema hata padri wao hatajwi hivyo, na yeye hutajwa kila Jumapili kwa kuchelewesha misa. Mke wake hakucheka. Aliweka kikombe chini, chai ikamwagika.

Jambo lilikuwa hili. Mawe ya utafiti wake wa kwanza yalitoka katika lava ya mwaka 2002, iliyooshwa na mvua miaka na miaka. Yeye akaandika tu: jiwe la Goma. Nani Goma huuliza jiwe ni la mwaka gani? Lava ikila nyumba yako, unangoja ipoe, unaivunja, unajenga nyingine kwa jiwe lilelile. Jiwe ni jiwe. Kisha mlima ukalipuka tena 2021, watu wakasaga jiwe jipya lililo karibu, wakalitia katika chujio lake. Alipolipima lile jipya, aliona linaacha ndani ya maji sumu ya polepole, inayokula meno na kupinda mifupa ya watoto. Kolera linazuia, ndiyo. Ila mtoto anaharibika huku mama yake anashukuru.

Ndiyo maana kila simu ilipolia, mumewe aliona sifa, yeye aliona watoto wanakunywa.

Sahihisho la kuwaonya watu wasitumie jiwe jipya lilikuwa tayari ndani ya simu. Kabla hajalituma, mabomu yalisikika upande wa Kibumba. Waasi walikuwa wanakuja. Umeme ukakatika, rezo, mtandao wa simu, nayo ikapotea.

Vita vilipoingia mjini, walilala sakafuni, godoro limeegemezwa dirishani. Risasi zilipiga mabati kama mahindi yanayorukaruka kikaangoni. Jirani akawaambia kambi zimevunjwa, watu wametawanyika na vyombo vyao kichwani. Na machujio yao, Mukamugema akasema. Toka hapo hakula.

Mabomu yalipotulia kidogo, akajifunga kitenge. Alitaka kwenda Birere, karibu na mpaka wa Rwanda, mahali simu hunasa rezo ya Gisenyi, ng'ambo ya pili. Mumewe akashika kitenge kile kwa mikono miwili, akamwambia asimfanye mjane.

"Risasi inaua mutu moya, Papa Umuhoza," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao aliyeishi mbali. "Makosa yangu iko naua batu sijue hata sura yabo."

Mumewe akakiachia kitenge. Akachukua chukudu, ili wakikutwa njiani waonekane watu wanaohama, wakaenda wakijibana na kuta. Barabarani palikuwa na viatu vingi bila watu.

Huko Birere Mukamugema akasimama penye ukuta ulioanguka, akainua simu juu. Akangoja. Havugimana alikuwa akitazama mabega yake. Alipoyaona yameshuka, akajua sahihisho limekwenda.

Kombora likaangukia paa la pili. Kipande chake kikamwingia mke wake ubavuni.

Akamlaza juu ya chukudu, palepale alipokuwa akilaza mawe, akasukuma kuelekea hospitali. Hakuomba Mungu, alisahau maneno. Simu ya mke wake, aliyoiokota na kuitia mfukoni, ikalia mlio ule. Akainama, akamwambia ili kumpa moyo: wamekutaja tena, Mama Umuhoza, unasikia, wamekutaja.

Mukamugema alifungua macho. Hospitali hawakuifikia pamoja. Ya mwisho aliyosema ni haya:

"Usinihesabie benye kunitaja. Uliza kama baliacha kunywa."